Maswali ya Wasomaji: Kompyuta Mpakato ya Mtu Anayesoma kwa Masikio

SWALI: Ndugu mwandishi, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa shahada ya ualimu, na sioni kabisa tangu nikiwa na umri wa miaka tisa. Hadi sasa ninatumia kompyuta za maktaba ya chuo zilizowekewa NVDA, programu inayosoma kwa sauti yaliyomo kwenye skrini, lakini ziko mbili tu na maktaba hufungwa mapema, hivyo kazi zangu nyingi huchelewa. Ndugu zangu wamenichangia, na nimefikisha shilingi laki saba. Kaka yangu anasema ninunue kompyuta mpakato mpya, kwa sababu iliyotumika ni bahati nasibu. Rafiki yangu wa bweni anasema kwa fedha hiyo mpya nitakayoipata haitanifaa kitu. Fundi mmoja naye ameniambia kwamba kompyuta ya asiyeona ni lazima iwekewe kadi maalumu ya sauti, na kwamba kadi hiyo anayo. Nimsikilize nani? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Nianze na fundi, kwa kuwa yeye ndiye aliyeteleza zaidi. Katika miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990, kompyuta ilihitaji kweli kisanduku cha pembeni au kadi ya ziada ili iweze kutamka maneno, na pengine aliyemfundisha kazi alizikuta habari za zama hizo. Siku hizi sauti hutengenezwa na programu yenyewe na kutokea katika spika ya kawaida iliyomo ndani ya kila kompyuta mpakato. NVDA unayoitumia, ambayo ilianzwa mwaka 2006 na Michael Curran wa Australia, mtu ambaye mwenyewe haoni, hutolewa bure na huhitaji takriban megabaiti 150 tu za diski. Ukiuziwa kadi ya asiyeona, umeuziwa maneno.

Kati ya kaka na rafiki, mimi nipo upande wa rafiki, ingawa hofu ya kaka ina msingi na nitaigusa. Kompyuta mpya za bei ya chini kabisa mara nyingi huwa na prosesa (ubongo wa kompyuta) dhaifu kama Celeron N4020, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya gigabaiti 4, na hifadhi ya aina ya eMMC ya gigabaiti 64 iliyochomelewa kwenye bodi, ambayo fundi hawezi kuichomoa akakuwekea kubwa zaidi. Windows 11 inakubali kusakinishwa humo, kwa kuwa mahitaji yake ya chini ni hizo hizo gigabaiti 4 na 64, lakini kukubali kusakinishwa ni jambo moja na kufanya kazi ni jambo jingine. Ukifungua hati ya Word, kivinjari chenye kurasa tatu, na NVDA ikiwa juu ya vyote hivyo, mashine huanza kuhema.

Na kuhema kwa mashine hakutuumizi sote sawasawa. Mtu anayeona akisubiri ukurasa hufuatilia kwa macho unavyofunguka: kichwa cha habari kinatangulia, picha inafuata, na alama inayozunguka inamwambia avumilie. Wewe unachopata ni ukimya. Ukimya huo haukuelezi kama mashine bado inafikiri, imekwama, au ni wewe uliyegusa kitufe kisicho chake, kwa hiyo mkono hukimbilia kubonyeza tena na tena. Mashine inapozinduka hutekeleza mibonyezo yote mitano kwa mpigo mmoja, nawe ukajikuta umefuta aya nzima au umemtumia mhadhiri barua pepe iliyoishia katikati ya sentensi. Ndiyo maana ninawaambia wasioona kwamba mahali pa kwanza pa kuweka fedha ni kwenye kasi: RAM isipungue gigabaiti 8, na hifadhi iwe SSD, ile isiyo na diski inayozunguka, ya gigabaiti 256. Nikiwekewa mbele yangu mashine ya zamani yenye SSD na mashine ya jana yenye diski ya kuzunguka, nitachukua ya zamani bila kuuliza rangi yake.

Kwa laki saba, basi, tafuta kompyuta zilizotumika za daraja la ofisi, zile ambazo makampuni ya nje huziuza kwa pamoja yanapobadilisha vifaa. Lenovo ThinkPad T480, Dell Latitude 7490 na HP EliteBook 840 G5, zote za mwaka 2018, ni majina utakayoyasikia sana madukani. Sikutajii mwaka huo kwa bahati mbaya. Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel huanzia, kwa jumla, kwenye prosesa za kizazi cha nane. Kizazi hicho utakitambua kwa namba inayofuata kistari: i5-8350U ni cha nane, i5-7300U ni cha saba, na i5-10210U ni cha kumi. Jihadhari hapo, kwa sababu T480 na wenzake waliuzwa pia na prosesa za kizazi cha saba, na jina lililochapwa kwenye kifuniko halitakuambia ni ipi uliyoshika. Fundi anaweza kukuwekea Windows 11 kwa njia za panya hata kwenye mashine isiyostahili, na siku hiyo itafanya kazi vizuri, lakini Microsoft haiahidi kuipa masasisho mashine iliyoingizwa kwa njia hiyo, na wewe ndiwe utakayebaki nayo miaka minne.

Nije kwenye kibodi, jambo ambalo wauzaji hawalitaji kwa sababu wao hutazama skrini. Miaka kadhaa iliyopita nilinunua mashine nyembamba na nyepesi, ya kuvutia kila aliyeishika, nikaja kugundua nyumbani kwamba vitufe vya Home, End, Page Up na Page Down vilikuwa vimefichwa ndani ya mishale, na ili kuvipata ilinibidi nishikilie Fn kwa mkono mwingine. Kuchagua maandishi kutoka nilipo hadi mwisho wa hati, jambo ambalo kwa kawaida ni Ctrl, Shift na End, likawa la vitufe vinne kwa mikono miwili, na mimi hulifanya mara ishirini kwa siku. Niliiuza baada ya miezi mitatu, kwa hasara. Kwa mtu asiyetumia kipanya, kibodi ndiyo usukani, kwa hiyo ipapase kabla ya kuuliza bei. Kwenye T480, Page Up na Page Down zimekaa pande mbili za mshale wa juu, na Home, End, Insert na Delete zimejipanga juu kulia baada ya F12, kila kimoja na kitufe chake. Kasoro yake ni kwamba Fn ndiyo iliyokaa kwenye kona ya chini kushoto na Ctrl ikafuata, na vidole vilivyozoea kompyuta za maktaba vitakosea kwa siku chache. Kukosa kwake safu ya namba upande wa kulia hakutakusumbua, kwa sababu NVDA ina mpangilio wa vitufe wa kompyuta mpakato, na inapowashwa mara ya kwanza hukuuliza kama ungependa Caps Lock ifanye kazi ya kitufe cha NVDA, yaani kile unachokishikilia ili kuiamrisha programu hiyo.

Sasa hofu ya kaka yako. Kompyuta iliyotumika ni bahati nasibu kwa mtu anayenunua bila kuijaribu, na asiyeona mara nyingi hununuliwa mashine na wengine, akaletewa nyumbani. Nenda mwenyewe, uwe na mtu anayeona ubavuni, na ubebe vitu viwili: hedifoni za waya na flashi yenye nakala ya NVDA ya kubebeka. Nakala hiyo utaitengeneza kwenye kompyuta ya maktaba kupitia menyu ya NVDA, sehemu ya Tools, penye Create portable copy, kisha uielekeze kwenye flashi.

Dukani, mwambie muuzaji aiwashe mashine na aingie hadi mahali pa kufanyia kazi, kisha akupishe. Bonyeza Ctrl, Windows na Enter kwa pamoja. Narrator, msomaji aliyemo ndani ya Windows, ataanza kuzungumza. Asipozungumza, kuna tatizo la sauti, na ni heri umelijua ukiwa bado na fedha mfukoni. Bonyeza Windows na E, ingia kwenye flashi, fungua folda ya NVDA, na utakapofika kwenye faili linaloitwa nvda bonyeza Enter. Ukisikia sauti yako uliyoizoea, mzime Narrator kwa vitufe vile vile vitatu. Kutoka hapo duka ni lako. Mara nyingi watu wa dukani huacha mazungumzo yao wakaja kusimama nyuma yako, kwa kuwa hawajawahi kuona mteja akikagua kompyuta huku kioo hajakigeukia; waache wasimame, na bei hujadiliwa kwa heshima zaidi baadaye.

Fungua Settings, ingia System, kisha About, usikilize prosesa, RAM na toleo la Windows. Rudi kwenye System, ingia Activation, kwa sababu Windows isiyosajiliwa huandika ujumbe hafifu kwenye kona ya skrini ambao anayeona huuona na wewe unaweza usiusikie kamwe. Halafu fungua hati ndefu na ushikilie mshale wa chini. Sauti inapaswa kukimbizana na kidole. Ikibaki nyuma ikawa inakusomea mistari uliyoipita zamani, irudishe mashine hiyo kwenye rafu. Sikiliza pia mwanzo wa kila tamko baada ya ukimya wa sekunde kadhaa, kwa kuwa baadhi ya kadi za sauti hulala na kumeza silabi ya kwanza, na neno kama "futa" likafika sikioni likiwa "ta". Matoleo ya karibuni ya NVDA yana mpangilio wa kuizuia kadi isilale, kwa hiyo kasoro hiyo peke yake isikufanye uiache mashine nzuri. Chomeka hedifoni na kuzitikisa kidogo kwenye tundu lake. Za Bluetooth ziache kwa ajili ya muziki, maana huchelewesha kila herufi unayoichapa.

Betri ndiyo sehemu ambayo maneno ya muuzaji hayana uzito wowote, naye anaweza hata kuwa mkweli na asijue. Bonyeza Windows na R, andika cmd, Enter, kisha andika powercfg /batteryreport na Enter tena. Utasomewa mahali ripoti ilipohifadhiwa. Ifungue kwa kivinjari, uruke kwenye majedwali kwa herufi T, na utafute mistari miwili: Design Capacity, yaani uwezo wa betri ilipotoka kiwandani, na Full Charge Capacity, yaani kiasi inachoweza kukibeba leo. Ukikuta, kwa mfano, 24,000 kwenye mstari wa kwanza na 12,000 kwenye wa pili, nusu ya betri imekwisha, na hapo ndipo pa kuanzia kupunguziwa bei. T480 ina betri mbili, moja ya ndani na moja inayochomolewa kwa nje, na ripoti huzitaja zote. Hiyo ya nje unaweza kuibadilisha mwenyewe kwa kupapasa, bila bisibisi.

Kuna sehemu moja ambayo hakuna kisoma skrini kinachoingia, nayo ni BIOS, ile menyu inayotokea kabla Windows haijaamka. Mwache yule uliyeongozana naye aingie humo akuhakikishie kwamba haijafungwa kwa nywila ya mwenye mali wa kwanza. Kisha mwombe muuzaji airejeshe mashine katika hali ya kiwandani mbele yenu, hadi kwenye kurasa za kuanzia za Windows, na uunganishe intaneti. Baadhi ya kompyuta za makampuni hubaki zimesajiliwa, na zikishapata intaneti hudai uingie kwa akaunti ya kampuni iliyoziacha. Mashine ya namna hiyo usiichukue hata kwa nusu ya bei. Ukiwa kwenye kurasa hizo, mwamshe Narrator kwa vitufe vyako vitatu, umalizie kuisajili mwenyewe.

Na skrini? Ndiyo sehemu utakayoitumia kuombea punguzo. Kioo chenye mikwaruzo, doa jeupe au mwanga uliofifia hushusha bei, na kwako hakipunguzi chochote, mradi mwalimu au mwenzako akihitaji kukusaidia aweze kusoma kilichoandikwa. Iliyokufa kabisa usiichukue, kwa sababu ya hiyo BIOS niliyoitaja. Kioo cha kugusa ni gharama bure. Tena NVDA ina pazia la skrini linalofanya kioo kiwe cheusi wakati wewe unaendelea kusoma, na bwenini, ambako kila anayepita hupitisha macho kwenye barua zako, utalipenda.

Baki na elfu hamsini ya kuongeza RAM au kununulia chaja ya akiba, na dai risiti yenye muda wa waranti ulioandikwa kwa kalamu, hata ukiwa mwezi mmoja.

SWALI: Mwanangu yuko kidato cha tatu na haoni vizuri. Nilipomnunulia kompyuta, fundi alimwekea JAWS, kisoma skrini kingine, bure na kusema ni bora kuliko hiyo NVDA kwa sababu ni ya kulipia. Sasa kila mara inakwama na wakati mwingine inaondoka yenyewe. Je, nilipe airekebishe? (Mama wa mwanafunzi, Mombasa)

JIBU: Usilipe, mama. JAWS ni programu nzuri na ya siku nyingi, iliyoanza mwaka 1989 enzi za DOS, mfumo uliotangulia Windows, na yapo maofisi yanayoitegemea kwa sababu inaendana na programu zao za ndani. Lakini leseni yake ya kudumu huuzwa zaidi ya bei ya kompyuta nyingi zilizotumika, kwa hiyo iliyowekwa bure ama ni ile ya majaribio, ambayo hufanya kazi kwa dakika 40 kisha humlazimu mtumiaji kuiwasha upya kompyuta, ama ni iliyovunjwa kufuli. Ya pili ndiyo mbaya zaidi: haisasishwi, na anayevunja kufuli la programu anaweza kuingiza humo kitu kingine ambacho kisoma skrini hakitamwambia mwanao. Mwambie fundi aiondoe, apakue NVDA kutoka kwenye tovuti ya NV Access, watengenezaji wake, na asidai zaidi ya ada ya muda wake.

Umesema haoni vizuri, hukusema haoni kabisa. Kama bado anasoma maandishi makubwa, basi yale niliyomwambia dada wa Morogoro kuhusu skrini hayamhusu. Yeye anahitaji kioo cha inchi 15 kisichoakisi mwanga, na kabla ya kununua chochote ajaribu Magnifier ya Windows, inayowashwa kwa kubonyeza Windows na alama ya kujumlisha, ili mjue ni ukubwa gani unaomtosha.

SWALI: NVDA yangu inasoma Kiswahili kama Mwingereza aliyeshuka ndege jana. Je, kosa ni la kompyuta? Nimeambiwa ninunue nyingine yenye nguvu. (Mstaafu, Zanzibar)

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Kompyuta yako haina kosa. Inasoma Kiswahili kwa kanuni za Kiingereza. Ndiyo maana "pole" inatoka kama "poul" na "mate" inatoka kama "meit": maneno hayo yapo pia katika Kiingereza, na sauti hiyo haina njia ya kujua kwamba wewe unaongea habari za mgonjwa. Ndani ya NVDA kuna kitamkaji kiitwacho eSpeak NG ambacho kinakijua Kiswahili. Bonyeza kitufe cha NVDA, Ctrl na S, uchague eSpeak NG. Kisha kitufe cha NVDA, Ctrl na V, ushuke hadi kwenye orodha ya sauti, na uchague Swahili. Sauti yake ni ya bati, sitakuficha, na siku mbili za mwanzo itakuchosha. Faida yake ni kwamba hujibu papo hapo hata kwenye mashine ya zamani na hubaki ikieleweka unapoiongeza kasi, jambo ambalo sauti nyingi tamu hushindwa.

Ukitaka sauti laini kwa ajili ya kusoma makala ndefu, fungua makala hiyo katika kivinjari cha Edge, ukiwa na intaneti, na utumie huduma yake ya kusoma kwa sauti. Humo zipo sauti za Kiswahili cha Tanzania na cha Kenya zinazokaribia sana mtu. Kwa kuandika na kuzunguka ndani ya kompyuta bakia na ile ya bati. Na kama barua zako huchanganya Kiswahili na Kiingereza katika aya moja, jifunze kubadili sauti ukiwa njiani: katika mpangilio wa kompyuta mpakato, shikilia kitufe cha NVDA, Shift na Ctrl, tafuta neno "voice" kwa mishale ya kulia na kushoto, kisha ubadilishe kwa mishale ya juu na chini.